Dondoo muhimu: Simu ikikuambia ina virusi
Unafungua ukurasa kuangalia bei ya dhahabu au matokeo ya mechi, mara skrini inajaa maandishi mekundu: "Simu yako ina virusi 4! Bonyeza hapa uisafishe." Usibonyeze. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kukagua mafaili ya simu yako; hilo ni tangazo la matapeli, hata kama linatetemesha simu na kuhesabu sekunde. Usiguse hata alama ya X iliyochorwa ndani yake, maana nayo inaweza kupakua kitu. Funga ukurasa wenyewe. Ukigoma, zima Chrome kabisa.

Onyo la Chrome yenyewe kwamba tovuti ni hatari ni jambo jingine. Hilo liamini, rudi nyuma.

Matangazo yakiibuka hata hujafungua intaneti, mara nyingi chanzo ni kitufe cha "Ruhusu" ulichobonyeza kwa haraka tovuti ilipoomba kukutumia arifa, au programu uliyopakua nje ya Play Store. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, zima tovuti usizozijua. Kisha ifute programu hiyo, hata kama ni ya kubeti unayoipenda.

Kwa mfanyabiashara au mchimbaji wa Katoro, Geita, simu ndiyo pochi. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money usiiandike kwenye tovuti yoyote inayodai kuua virusi. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.