Mizimu ya Gede na Chumba cha Juba



Ndugu zangu, mwezi uliopita dada mmoja wa mwaka wa kwanza alihama chumba alichopanga hapa Juba. Majirani walimwambia kuna watu waliouawa humo Desemba 2013, na kwamba usiku husikika wakilia. Aliuza simu yake, akamlipa mtu amwandikie hirizi. Aliponiuliza kama nyumba inaweza kuwa na mizimu, nilikumbuka Gede.

Nilisoma sekondari Malindi, familia yetu ilipokuwa Kenya. Siku moja tulipelekwa kutembelea Gede, mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ukahamwa katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. Wenyeji husema wazee wa kale bado wanaulinda, na anayeharibu kitu hupatwa na laana. Hata James Kirkman, aliyeanza kuuchimba mwaka 1948, aliandika kwamba alihisi kama anatazamwa kutoka nyuma ya kuta. Nami nilipokuwa kwenye kaburi lenye tarehe, la mwaka 802 Hijria (1399), tawi lilivunjika nyuma yangu. Nilikimbia hadi getini. Pengine alikuwa kima tu, maana wamejaa pale.

Aibu ilinijia baadaye. Kaburi lile ni la Muislamu, na mwaka wake ni wa kalenda yetu. Karibu yake pana Msikiti Mkuu, mihrabu yake ikielekea kaskazini, na kisima cha maji ya udhu. Wataalamu hutaja kupungua kwa maji ya visima, pamoja na mashambulizi, miongoni mwa sababu za watu kuuacha mji. Basi nilipita kwa ndugu zangu waliotangulia, wenye haki ya salamu na dua, nikawakimbia kama wanyama wakali.

Sasa tuje kwenye akida. Majini wapo, hilo halina shaka. Lakini roho ya maiti iko barzakh, haizururi vyumbani. Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikanusha ghuli, lile zimwi la jangwani. Wanavyuoni wengi wameeleza kuwa kilichokanushwa si kuwapo kwa majini, bali uwezo ambao Waarabu waliwapa wa kujigeuza umbo na kuwapoteza wasafiri. Na aya ya 6 ya Surat al-Jinn inataja watu waliojikinga kwa majini, wakaambulia kuzidishiwa balaa. Hirizi ya dada yetu, kwa maoni yangu, haiko mbali na mlango huo.

Kinga tuliyofundishwa haina bei. Khawla bint Hakim (r.a.) amepokea kwamba anayefika mahali akajikinga kwa maneno kamilifu ya Allah na shari ya alivyoviumba, hatadhurika mpaka aondoke hapo. Inasomwa kwa pumzi moja.

Nilimwambia dada haya yote. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na wale waliouawa, kaka? Kuna aliyewaswalia?"

Sikuwa na jibu. Baada ya Alasiri tulikwenda naye na wenzetu wanne mpaka mlangoni pa chumba kile, tukawaombea dua wale waliokuwa Waislamu miongoni mwao. Hirizi ameivua. Chumbani bado hajarudi, na sijamhimiza.