Picha ya Sura kwa Taa Moja

Studio nyingi za mitaani huweka taa mbili zenye nguvu sawa, moja kushoto na nyingine kulia. Kwa pasipoti ni sawa, maana afisa anataka kuona uso wote bila kivuli. Kwa picha ya kutundika sebuleni, mpangilio huo unailaza pua, unafuta mashavu, na mtu anatoka kama kabandikwa ukutani. Zima moja. Tutatumia flashi moja yenye softboksi, na kipande cheupe cha stairofomu.

Kwanza, mtoe mteja ukutani. Akae kwenye stuli, mita moja na nusu au mbili mbele ya pazia, la sivyo kivuli chake kitaangukia nyuma yake.

Pili, weka kamera kwenye M: ISO 100, f/8, shata 1/125. Piga picha moja flashi ikiwa imezimwa. Itoke nyeusi tii. Ukiona chochote, balbu ya dari au dirisha linaingilia, zima, funga. Usiipandishe shata ovyo. Kamera nyingi zikipita 1/200 au 1/250 huacha utepe mweusi upande mmoja wa picha, kwa kuwa shata huwa imeshaanza kufunga flashi inapowaka.

Tatu ni taa yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Iweke karibu na kamera, juu kidogo ya kichwa cha mteja, uwashe ile balbu yake ndogo ya kuongozea. Sasa isogeze pembeni taratibu, macho yako yakiwa kwenye kivuli cha pua. Kitaanza chini ya pua, kisha kitalala kuelekea shavu la mbali. Taa ikifika kama nyuzi 45, kivuli hicho kitaungana na kile cha shavu, na chini ya jicho la upande wa giza itabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Simama hapo. Mtindo huu umepewa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Pembetatu isipite upana wa jicho, wala isishuke chini ya pua. Kisha tazama mboni: kila moja iwe na nukta ya mwanga. Ikikosekana, taa iko juu mno. Ishushe, au mwombe mteja ainue kidevu kidogo.

Softboksi ya sentimita 90 ikae kama mita moja kutoka usoni. Ukiirudisha hadi mita mbili, mwanga unaomfikia mteja ni robo, si nusu, hivyo f/8 itabidi iwe f/4. Na vivuli vitakuwa vikali zaidi.

Kwa ngozi nyeusi, wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya flashi. Matokeo yake paji la uso linaungua na ngozi inapauka. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, kwa hiyo cheza na ukubwa na pembe ya taa kabla ya kugusa nguvu. Taa kubwa iliyo karibu hutandaza mng'ao shavuni. Futa jasho, paka poda kidogo, lakini usiumalize mng'ao wote. Binafsi naona uso uliopakwa poda kupita kiasi haupendezi hata kidogo.

Nne, shika stairofomu upande wa giza, nusu mita hivi kutoka shavuni, uisogeze mpaka kivuli kikuridhishe. Ukitaka picha nzito zaidi, weka kitambaa cheusi mahali pake.

Bwana harusi akija na kanzu nyeupe, itaungua kabla uso haujapata mwanga wa kutosha. Usipunguze nguvu. Inamisha softboksi itazame juu kidogo, kanzu ipate ukingo wa mwanga tu. Na nywele nyeusi zikizama kwenye pazia jeusi, tumia la kijivu.