Kufundisha Sifa na Matumizi ya Nta ya Mshumaa

Mwalimu anayeanza somo hili kwa kuandika ubaoni maana ya kuyeyuka huwapa watoto maneno ya kukariri, lakini hawapi jambo la kufikiri. Tunashauri somo lianze kwa swali: mshumaa unapowaka, ni kitu gani hasa kinachoungua? Wengi watajibu kuwa ni utambi. Tusiwakosoe, tuwaache wachunguze.

Zana. Mishumaa, kiberiti, kopo, sufuria na maji. Vyote hivi hupatikana kwa urahisi hapa Bigwa.

Asili. Mishumaa mingi ya dukani hutengenezwa kwa nta ya parafini. Mkemia Mjerumani, Karl von Reichenbach, aliipata katika lami ya miti mwaka 1830. Siku hizi hutolewa katika mafuta ya petroli. Si nta ya nyuki.

Jaribio la kwanza. Mwalimu awashe mshumaa, auzime, kisha mara moja asogeze njiti inayowaka kwenye ule moshi mweupe, bila kuugusa utambi. Moto utarukia utambini. Hapo watoto watatambua kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta. Nta huyeyuka, hupanda utambini kama mafuta ya koroboi, hugeuka mvuke, ndipo huwaka.

Jaribio la pili. Kipande cha nta kitiwe katika maji: kitaelea wala hakitayeyuka. Kipande kingine kitiwe katika nta iliyokwisha kuyeyuka: kitazama. Watoto walinganishe na barafu, ambayo huelea juu ya maji. Sababu ni kwamba nta husinyaa inapoganda, hali maji hutanuka.

Tahadhari. Nta isipashwe kamwe moja kwa moja juu ya moto, kwani ikizidi kupata joto mvuke wake huweza kulipuka moto. Kopo la nta liwekwe ndani ya sufuria ya maji. Nta hii huyeyuka kati ya sentigredi 46 na 68 hivi. Katika mwinuko wetu, chini ya milima ya Uluguru, maji huchemka karibu sentigredi 98. Kwa hiyo nta itayeyuka bila kufikia joto la hatari. Nta ikishika moto, tusiimwagie maji, maana yatairusha huku na huku. Tuifunike kwa mfuniko.

Matumizi. Mwalimu asiyataje kwanza. Aulize: kitu kisichopenyeza maji chaweza kutufaa kwa nini? Watoto wataweza kufikia wenyewe kwamba njiti za kiberiti zilizochovywa nta hazilowi wakati wa masika, na kwamba fundi wa batiki hupaka nta pale asipotaka rangi ishike.

Mwisho wa somo, lile swali la kwanza liulizwe tena. Mtoto anayejibu kwa kueleza alichokiona, hata kwa maneno yake mwenyewe, amejifunza sayansi. Anayerudia maneno ya ubaoni tu bado hajaanza.