Spika za omu 4 na risiva inayojizima

SWALI: Sebuleni nina spika tano za omu 4. Risiva yangu ni ya wati 100, lakini filamu ikipamba moto inajizima. Ninunue ya wati 150?

JIBU: Usikimbilie wati. Kwa volti ileile, spika ya omu 4 huvuta mkondo wa umeme mara mbili ya ile ya omu 8. Risiva inachemka, inajizima ili isiungue. Tena wati hizo kwa kawaida hupimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi. Kupanda hadi 150 kutakuongezea desibeli 1.8 hivi, tofauti ndogo mno sikioni. Kama risiva ina matundu ya kutolea sauti isiyokuzwa, ichomekee amplifaya ya pembeni iliyotengenezwa kuhimili omu 4, iendeshe spika tatu za mbele. Na tafadhali, usiifungie risiva kabatini, inahitaji hewa.