Kikao cha Baada ya Mradi Kukwama

Somo la kujadiliwa katika kamati za parokia na vigango
Masomo ya kusoma pamoja: Luka 22:54–62 na Yohana 21:1–19



Kurasa hizi kwa kawaida hueleza miradi iliyofaulu, na ni haki yake. Robo hii tumeona tuzungumzie kikao ambacho hakuna mwenyekiti anayependa kukiitisha, yaani kile cha baada ya mradi kukwama.

Tuchukue mfano ambao vigango vingi vitautambua. Kisima kilichimbwa, kikafungwa pampu ya mkono, kikabarikiwa kwa ngoma na vigelegele. Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa pampu haitoi maji, na akina mama wamerudi mtoni na ndoo zao. Kamati inakutana. Kikao kinaweza kwenda njia ya lawama, ambayo tunaijua sana: kosa ni la fundi, la mvua, la wanakijiji wasiolipa. Lakini ipo njia nyingine, na kwa kuwa inafanana na uchaji ni vigumu kuitilia shaka. Mwenyekiti anasimama na kusema kwamba sisi ni watu tusiofaa, tumewaaibisha wafadhili, hatustahili kuaminiwa tena. Vichwa vinainama. Mweka hazina anafuta machozi na kuomba kujiuzulu. Sala ya kufunga inasaliwa, watu wanatawanyika.

Kesho yake mwulize mjumbe yeyote pampu iliharibikaje. Hajui. Hakuna aliyefungua daftari la michango wala kumwita fundi. Ukali ule wote ulimaliza kikao kabla hakijaanza. Hapo ndipo tunapotaka wanakamati watazame vizuri: kujihukumu kwa ukali huficha mambo sawasawa na kujitetea. Anayesema "sote tumeshindwa" amejinyima nafasi ya kuuliza ni nini hasa kilitokea, mwezi gani, na mikononi mwa nani.

Sasa tusome Yohana 21. Petro na wenzake wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Asubuhi Yesu yuko ufukweni, na jambo la kwanza analowauliza ni kama wana kitoweo. Wanajibu kwamba hawana. Jibu ni fupi tu. Hawaelezi hali ya ziwa, wala hawajiiti wavuvi wasio na maana. Nyavu ni tupu, na wamesema ni tupu. Baada ya jibu hilo ndipo wanapata maelekezo ya kutupa wavu upande wa kuume.

Kisha linakuja jambo zito zaidi. Petro alimkana Bwana mara tatu karibu na moto wa makaa katika ua wa Kuhani Mkuu, na Luka anatuambia alitoka nje akalia kwa uchungu. Ufukweni kuna moto wa makaa tena, na Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Yohana anasema alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Yesu hakujifanya kwamba usiku ule haukuwapo. Kidonda kiliguswa pale pale kilipo. Ila Petro hakutakiwa kujieleza kuwa yeye ni mtu wa namna gani. Kila jibu lake lilifuatiwa na kazi ya kuchunga kondoo.

Katika historia ya Kanisa, Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliujua ukali huu kwa kuupitia. Mwaka 1522 akiwa Manresa, Hispania, aliungama dhambi zake za zamani tena na tena bila kupata amani, hata akafikia kushawishika kujiua. Mwisho alitambua kwamba mateso yale hayakutoka kwa Mungu, akaacha kurudia maungamo hayo. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, aliweka hatua tano za kuchunguza dhamiri. Hatua ya kwanza ni kushukuru kwa mema yaliyopokelewa, na makosa hutazamwa baadaye, baada ya kuomba neema ya kuyajua. Mpangilio huo una maana hata kwa kamati ya maji. Aliyekwisha kukumbuka kwamba kisima kilitoa maji safi mwaka mzima hatishiki sana kuuliza kwa nini yalikoma.

Turudi basi kwenye pampu yetu ya mfano. Pampu ya aina ya Afridev, inayotumika katika nchi nyingi za Afrika, ilibuniwa ili wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza kwa vifaa vichache. Lakini sehemu zake za mpira na plastiki huchakaa na lazima zibadilishwe. Kamati ikifungua daftari pengine itaona kwamba michango ilikuja vizuri hadi miezi ya njaa kabla ya mavuno, ikakoma, na mavuno yalipofika hakuna aliyeidai. Itaona kwamba waliofundishwa ukarabati walikuwa wawili tu, na wote wamehamia mjini. Haya ni mambo ya kurekebishika. Michango ikusanywe wakati wa mavuno. Wafundishwe watu wanne, wakiwamo akina mama wenye makazi ya kudumu kijijini. Vipuri vya kubadilisha vinunuliwe mapema na kutunzwa.

Na kama daftari litaonyesha kuwa fedha zimeliwa, ziandikwe kuwa zimeliwa. Parokia ina taratibu zake na nchi ina sheria zake. Upole tunaousema hapa haufuti deni la mtu.

Neno kwa wafadhili. Taarifa nyingi mnazozipokea zina neno "changamoto", neno zuri lililobebeshwa mizigo mingi mno. Kamati huliandika kwa sababu inaogopa kwamba ukweli utakata msaada. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini mara nyingine mgonjwa huficha kwa sababu daktari ni mkali. Taarifa ikisema wazi kwamba pampu imesimama tangu Machi na sababu zake ni hizi, jibuni kwanza kwa maswali kuhusu pampu. Uamuzi wa fedha usubiri majibu.

Kamati zitakazotumia somo hili zitenge saa mbili. Daftari la michango na muhtasari wa vikao vilivyopita viwe mezani kabla ya sala ya kufungua. Baada ya shukrani, kila mjumbe aeleze jambo moja alilolifanya au alilolikosa yeye mwenyewe, akitaja mwezi, na katibu aliandike kama lilivyosemwa. Anayejihukumu aulizwe kwa upole: ulifanya nini hasa? Kabla ya kutawanyika, ipangwe tarehe ya kumleta fundi, na jina la atakayemfuata liandikwe.