Kinyume cha Asili, na Bado ni Kazi ya Mungu

Masomo: Kutoka 1:15–21, Mwanzo 35:16–20, Warumi 11:17–24



Mama akitoka hospitali na mtoto, swali moja huku kwetu Khwisero halikosi: "Alizaa kawaida?" Akisema alifanyiwa upasuaji, nyuso zinabadilika. Mmoja anasema "pole" kana kwamba kuna msiba. Mwingine, pembeni, anasema eti hakuomba vya kutosha, ama eti huyo hajajua uchungu wa kuzaa. Nilisema Jumapili na hapa narudia: neno hilo "kawaida" limeumiza dada zetu wengi, na linaweza kuua. Hebu tulichunguze.

1. "Kawaida" si amri

Mimi nilisomea biashara, na kitu kimoja tulichofundishwa mapema ni kutochanganya wastani na lengo. Ukiwa na duka sokoni, wateja wengi watanunua sukari ya robo kilo. Hiyo ndiyo kawaida. Lakini anayenunua mfuko mzima hajafanya dhambi! Kawaida inakuambia kile kinachotokea mara nyingi. Haikuambii kile kilicho chema. Tukitoka kwa "wanawake wengi huzaa hivi" tukaruka hadi "Mungu anataka kila mwanamke azae hivi," tumevuka mto bila daraja.

Tena, mara nyingi tunaita asili kile tulichozoea tu. Obusuma wa mahindi, nani hapa atasema si chakula chetu cha asili? Lakini mahindi yalivuka bahari kutoka bara la Amerika. Kina kukhu wa zamani walisonga ugali wa wimbi na mtama.

2. Wanawake wa Kiebrania walizaaje?

Tunapenda kumwombea mama mjamzito azae upesi "kama wanawake wa Kiebrania." Ni ombi zuri, sina shida nalo. Lakini soma Kutoka 1 polepole. Nani alisema maneno hayo? Ni wakunga Shifra na Pua, wakimjibu Farao aliyewaamuru kuua watoto wa kiume. Lilikuwa jibu la kuokoa uhai. Sisi tumelichukua jibu hilo tukalifanya fimbo ya kuwachapa akina mama.

Sasa fungua Mwanzo 35. Raheli, mke wa Yakobo, alikuwa njiani kwenda Efrathi uchungu ulipomshika, ukawa mzito. Mkunga alikuwepo. Mtoto Benyamini alizaliwa, mama akafa. Alizaa kwa ile njia tunayoiita ya kawaida. Je, Raheli alikosa imani? Hakuna mstari unaosema hivyo. Biblia inatuonyesha tu kwamba asili yenyewe inaweza kuwa katili, na Yakobo akasimamisha nguzo kaburini.

Kwa hivyo "asili" na "salama" si kitu kimoja. Hata kufa katika uzazi ni kwa asili. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya inapoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hakuna mtu anayesimama kanisani kusema tuache hivyo kwa sababu ni kawaida.

3. Mungu naye hupandikiza

Ninyi mnaopandikiza parachichi mtanielewa haraka. Unachukua kikonyo cha mti mzuri, unakifunga kwenye shina la kienyeji. Paulo katika Warumi 11 anageuza: tawi la mzeituni mwitu linawekwa kwenye shina jema. Si kawaida ya wakulima kufanya hivyo! Paulo anajua, ndiyo maana katika mstari wa 24 anasema jambo hilo ni kinyume cha asili. Na aliyelifanya ni Mungu mwenyewe. Tawi hilo ni sisi watu wa mataifa.

Angalia jambo moja zaidi. Kwa Kigiriki, maneno hayo ni para physin. Paulo anayatumia katika Warumi 1 akikemea, na anayatumia tena katika Warumi 11 akisimulia neema. Kwa hivyo kusema tu "hiyo ni kinyume cha asili" hakumalizi neno. Ni lazima uulize: ni nini kimefanywa, kwa nani, na kwa kusudi gani? Upasuaji wa kumwokoa mama na mtoto, kusudi lake ni uhai.

4. Si jambo la kigeni

Wengine husema upasuaji ni mambo ya wazungu. Mwaka 1879, mmishonari Robert Felkin alikuwa Kahura, Bunyoro, hapo Uganda kwa jirani. Aliwaona wenyeji wakimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Walimpa pombe ya ndizi kupunguza maumivu, na kwa pombe hiyohiyo wakaosha mikono na tumbo lake. Jeraha walilifunga kwa pini za chuma na kamba za magome. Siku 11 baadaye jeraha lilikuwa limepona. Mwafrika alikuwa na ujuzi huo kabla ya reli kufika hapa.

Tufanye nini basi?

Sisemi kila mama akimbilie kisu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba upasuaji ufanywe pale unapohitajika kiafya. Kazi ya kanisa ni hii:

• Dada, daktari akisema mtoto amekwama, usingoje ishara nyingine. Omba ukiwa njiani kwenda thieta.
• Mume, jiandikishe SHA mapema, weka nauli kando, na usizime simu.
• Mama mkwe, usiulize alizaaje. Uliza amekula nini, kisha beba maji na kuni.
• Waombaji, tusimwambie mtu abaki nyumbani. Tumsindikize hospitali tukiomba.

Na wewe dada uliye na kovu, usilifiche kama aibu. Kwa kovu hilo kuna mtoto anayekuita mama.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Ni mambo gani tunayoyaita "asili" kwa sababu tu tumeyazoea?
2. Katika kikundi chetu, nani amewahi kuumizwa na maneno yetu kuhusu uzazi? Tutamwendeaje?

Ombi: Bwana, tupe hekima ya kutofautisha desturi zetu na mapenzi yako. Walinde akina mama wote wanaokaribia kujifungua juma hili, kwa njia yoyote utakayoifungua. Katika jina la Yesu, Amina.