Betri ya Pikipiki Ikidhoofika: Pima Kabla Hujanunua

Saa nane za usiku, katika kona za barabara inayoteremka kutoka Bombo kwenda Maore, honi ya pikipiki si pambo. Ndiyo sauti inayomwonya mtu anayepanda kutoka bondeni kwamba yupo mwingine anayeshuka, na mara nyingi huyo anayeshuka amembeba mgonjwa. Honi ikikoroma badala ya kulia, na taa ya breki ikawa nyekundu hafifu kama kaa linalozimika, madereva wetu wengi husema neno moja tu: betri imekufa. Kesho yake hununua nyingine. Baada ya miezi mitatu hununua tena.

Somo hili limeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya watumishi wa kata na vijiji wanaokabidhiwa pikipiki za Serikali: maafisa ugani, wahudumu wa afya na watendaji. Hoja yake ni kwamba betri dhaifu mara nyingi ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Anayebadilisha betri bila kupima ni sawa na mtu anayemeza dawa ya malaria kwa kila homa bila kwenda zahanati.

Kilichomo ndani

Betri ya volti 12 ni vyumba sita vidogo, viitwavyo seli, vilivyounganishwa kwa mfuatano. Kila seli hutoa volti mbili na kidogo, na ndani yake mna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabamba hufunikwa na ukoko wa salfeti. Inapochajiwa, ukoko huo huyeyuka na kurudi katika tindikali. Ikiachwa tupu kwa majuma kadhaa, ukoko huwa mgumu kama ule unaoganda chini ya birika, wala hauondoki tena. Ndiyo maana pikipiki iliyoegeshwa nyuma ya ofisi ikisubiri matengenezo hukutwa na betri iliyokufa, ingawa haikutembea hata kilomita moja.

Kabla ya kushika kipimo, tuondoe kosa moja lililozoeleka. Katika pikipiki nyingi ndogo zinazotumika hapa kwetu, taa kubwa ya mbele hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini. Kwa hiyo hung'aa unapopiga resi na kufifia injini inapotulia, hata kama betri ni nzima. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa kubwa isipowaka, huku honi na indiketa zikifanya kazi, yako ni ya namna hiyo. Usiihukumu betri kwa taa hiyo. Ihukumu kwa vitu inavyovilisha yenyewe, yaani honi, indiketa, taa ya breki na stata. Aidha, zipo pikipiki zinazowaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa, na zipo zisizowaka. Ni heri dereva aijue yake mapema, nyumbani, kuliko kuijulia njiani usiku.

Vipimo vitatu

Kinachohitajika ni mita ya umeme, ile ambayo mafundi huiita testa. Igeuze kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka, kiwango cha 20. Waya mwekundu ushike ncha chanya ya betri, mweusi ushike hasi.

Kipimo cha kwanza hufanywa asubuhi, pikipiki ikiwa imelala bila kuwashwa. Mita ikisoma kati ya 12.6 na 12.8, betri imejaa. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 ni nusu, ikisoma 12.0 au chini ya hapo imekaribia kuwa tupu na inapaswa kuchajiwa siku hiyo hiyo. Ikiwa imechajiwa usiku kucha na bado inasoma takribani 10.5, seli moja imekufa, na hakuna fundi atakayeifufua.

Kipimo cha pili ni cha kuibebesha mzigo. Mtu mmoja abonyeze stata, mwingine aitazame mita. Volti zitashuka, na hilo ni la kawaida, lakini zisianguke chini ya 9.5. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaanguka hadi 8 mara stata inapobonyezwa, ni kama ukuta uliopakwa chokaa huku fito zake zimeliwa na mchwa. Kwa pikipiki isiyo na stata, fungua swichi, kanyaga breki na ubonyeze honi kwa sekunde chache. Mlio ukififia na namba zikiporomoka upesi, jibu ni lile lile.

Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa na wengi, nacho ndicho chenye faida kuliko vyote. Washa injini, piga resi ya wastani, kisha pima tena kwenye ncha za betri. Pikipiki nzima itasoma kati ya 13.5 na 14.8. Mita ikibaki 12 na kitu hata resi inapopanda, betri hailishwi, na mpya utakayoifunga itakufa kama ile ya kwanza. Ikipita 15, kifaa kinachodhibiti chaji, yaani regyuleta, kimeharibika. Betri inachemshwa, maji yake yanakauka upesi, balbu zinaungua mara kwa mara, na huenda ukasikia harufu kama ya yai bovu.

Mwandishi wa somo hili alijifunza thamani ya kipimo hicho kwa kulipa. Alinunua betri mbili katika muda wa miezi minne, na kila mara aliridhika kwa majuma machache kabla ya honi kuanza kukoroma tena. Fundi wa tatu hakutaka hata kuiangalia betri. Alipima injini ikiwa inawaka, akasoma 12.3, akafungua kiti na kuufuata waya mweusi mpaka pale unapofungwa kwenye fremu. Boliti ilikuwa imeliwa na kutu. Alisugua kwa msasa, akapaka grisi, akakaza. Mita ikasoma 14.1. Gharama ilikuwa kipande cha msasa na soda aliyonunuliwa kwa shukrani.

Basi kipimo cha tatu kikionyesha upungufu, anza na vitu rahisi: ncha za betri, waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu, fyuzi, na soketi ya regyuleta, ambayo plastiki yake wakati mwingine huyeyuka kwa joto. Yote hayo yakiwa sawa ndipo regyuleta yenyewe na koili za injini zipimwe na fundi.

Wanaokula umeme kimyakimya

Vipimo vyote vitatu vikiwa vizuri na bado betri inaamka ikiwa hoi, kuna kitu kinachoinyonya. Zima swichi, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye kiwango cha ampea 10, kisha iunganishe kati ya waya huo na ncha ya hasi. Usibonyeze stata wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Miliampea chache si neno. Zikifika 50, betri ya ampea-saa 5 itakuwa tupu baada ya saa 100, yaani siku nne hivi. Chomoa kimoja kimoja: redio, kengele ya wizi, kifaa cha kuchajia simu. Kile ambacho mita inashuka kinapochomolewa ndicho mwizi.

Taa za ziada zinahitaji neno la pekee, kwa kuwa zimekuwa fahari ya vijiwe vyetu. Taa mbili za wati 20 kila moja huvuta zaidi ya ampea 3. Pikipiki ndogo haikuundwa kuzalisha ziada ya kiasi hicho injini inapokwenda polepole, na betri peke yake, kwa hesabu tu, itazihimili kwa saa moja na nusu.

Kisha kuna desturi ya milimani. Dereva anayeshuka kutoka Suji kwenda Makanya huzima injini na kuiacha pikipiki iserereke ili aokoe mafuta. Swichi huwa wazi na breki huwa imekanyagwa muda mwingi. Balbu ya breki ya wati 21 huvuta ampea 1.75, nusu saa ya namna hiyo hula karibu sehemu moja ya sita ya betri ya ampea-saa 5, kabla hujahesabu honi katika kila kona, na wakati wote huo injini hairudishi chochote. Tena injini iliyozimwa haisaidii kuzuia mwendo, hivyo breki hubeba mzigo wote na kupata moto. Senti zinazookolewa kwenye petroli hulipwa dukani kwenye betri, hata tukiacha hatari ya kuanguka.

Maji, joto na uchafu

Betri zilizofungwa kabisa, ambazo wengi huziita betri kavu, hazifunguliwi wala kuongezwa maji. Zile za maji zina mistari miwili ubavuni, ya juu na ya chini, na maji yabaki kati yake. Katika tambarare ya Hedaru, Makanya na Same mjini, zitazame kila baada ya majuma mawili. Milimani, mara moja kwa mwezi yatosha. Joto ndilo adui mkubwa: kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za joto zinazozidi nyuzi 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Egesha kivulini. Baridi nayo haiui betri, bali huipunguzia nguvu, na oili ya injini huwa nzito. Ndiyo sababu betri iliyochoka huweza kuwasha pikipiki mchana kule Makanya na ikashindwa alfajiri kule Chome.

Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri tu, yasiyo na madini wala tindikali. Hapa kuna mkanganyiko unaoharibu betri nyingi, kwa sababu madukani chupa zote mbili huitwa maji ya betri. Kinachopotea kwa joto ni maji. Tindikali hubaki ndani. Ukiongeza tindikali, unaifanya kuwa kali mno na mabamba yanaliwa. Uliza muuzaji, soma chupa. Maji ya chemchemi zetu ni matamu kunywa na maji ya ndiva hustawisha tangawizi, lakini yote yana madini yanayodhuru mabamba. Ya mvua yaliyopita juu ya bati nayo hubeba uchafu na chembe za madini ya bati.

Unga mweupe au wa kijani kwenye ncha husafishwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani. Magadi yasiingie ndani ya seli. Unapofungua, anza na waya wa hasi. Unapofunga, malizia na hasi. Hakikisha mkanda wa betri umekaza, kwa maana mtikisiko wa barabara za mawe huangusha chembe za mabamba chini hadi seli ishikane, na kagua kipira cha kupumulia kisikunjike. Usichaji karibu na jiko wala sigara, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo. Ikiingia machoni, endelea kuosha kisha nenda zahanati.

Chaja ya gari haifai. Kiasi kinachoshauriwa ni sehemu moja ya kumi ya ujazo: betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampea, saa kumi hivi. Mwenye chaja ya kijiweni akikuahidi kuijaza kwa saa moja, anaipika.

Ikibidi kununua

Betri mpya ya maji hutiwa tindikali dukani. Baada ya kutiwa, iachwe walau nusu saa mabamba yanywe, kisha ichajiwe polepole kabla ya kufungwa. Betri inayofungwa papo hapo kwa haraka ya mteja haifikii nguvu yake kamili maishani mwake. Kama una safari, subiri siku moja.

Ile ya zamani isitupwe korongoni, wala tindikali yake isimwagwe karibu na mfereji. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, betri chakavu za risasi ni taka hatarishi. Hatari yenyewe si ya kufikirika. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi hadi ndani ya damu za watoto wa majirani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Anayevunja betri uani ili auze risasi kwa kilo anafanya jambo lile lile kwa udogo, mahali watoto wake wanapocheza. Irudishe kwa muuzaji unaponunua mpya, ukiulizia kwanza kama atapunguza bei, na njiani ibebe ikiwa wima.